Kabla hujang'oa jino, soma hapa: kuotesha mfupa wa taya kabla ya implanti (nimepitia, niko Tanga)

BintiPongwe:

Assalaam alaykum wanajukwaa, na kwa wengine habari za jioni.

Uzi huu namwandikia mtu nisiyemjua. Ni yule ambaye wiki hii ataketi kwenye kiti cha daktari wa meno, atachomwa ganzi, atang'olewa gego, ataambiwa ang'ate pamba nusu saa, kisha atarudi kwake akishukuru kwamba maumivu yamekwisha. Hakuna atakayemuuliza kama siku moja atataka jino jingine palepale. Mie nilikuwa mtu huyo. Nilikuwa na miaka 22, nimemaliza chuo cha ualimu mwaka uleule, nikang'olewa magego mawili ya chini upande wa kushoto kwa siku moja. Sasa nina miaka 43. Nafundisha baiolojia sekondari hapa Tanga, na haya nitakayoeleza nimeyasoma kwa macho ya mwalimu, kisha nimeyapitia mdomoni mwangu kwa karibu miaka miwili.

Pengo la nyuma halionekani ukicheka, basi nikaona sijapoteza kitu. Nikazoea kutafuna kulia. Miaka ikaenda, gego la juu likaanza kushuka kulifuata pengo, upande wa kulia ukachoka, nikatengenezewa meno ya kuvua. Yalinikaa vizuri miaka michache, halafu yakaanza kucheza. Nilidhani meno ndiyo yamechakaa. Kumbe yalikuwa vilevile, taya ndilo lililokuwa likipungua chini yake.

Nilipofika miaka 41 nikaamua kuweka implanti, yaani kipandikizi cha titani kinachopachikwa ndani ya taya ili kishike jino la bandia. Daktari wa hapa alinipapasa ufizi kwa kidole, akanyamaza kidogo, akaniandikia nikapige picha ya CT ya taya Dar. Nikapanda basi la alfajiri. Kule nilionyeshwa taya langu kwenye kompyuta, limekatwa vipande vyembamba kama mkate wa boflo, na pale lilipokuwa gego la kwanza ukingo wa mfupa ulikuwa na upana wa milimita 3.5. Implanti ya gego aghalabu ina kipenyo cha milimita 4 au zaidi, na inataka mfupa wa milimita 1.5 hivi kila upande. Nilihitaji 7, nikawa na nusu yake.

Naomba mnivumilie hapa, maana ndipo uzi wenyewe ulipo. Mfupa unaoshika jino upo kwa ajili ya jino. Mzizi haukupigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye mbao. Umening'inizwa kwa nyuzi nyingi ndogo, na kila ukitafuna nyuzi hizo huuvuta mfupa. Ndani ya mfupa kuna seli zinazobomoa palipochakaa na seli zinazojenga papya, hazilali, na ule mvuto ndio unaozijulisha kwamba hapa bado panatumika. Jino likitoka, habari hiyo inakatika. Wabomoaji wanaendelea na kazi, wajenzi wanalegea. Tena lile tabaka la mfupa ambalo nyuzi za jino zilikuwa zimejichomeka ndani yake halina kazi nyingine yoyote, nalo linaondoka lote. Upande wa shavuni ndio unaoumia zaidi kwa sababu ukuta wake ni mwembamba. Kwenye meno ya mbele ya juu mara nyingi ukuta huo haufiki hata milimita 1.

Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba ndani ya miezi 6 tangu jino litoke, upana wa ukingo hupungua kwa asilimia 29 hadi 63, na kimo chake kwa asilimia 11 hadi 22. Sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya kwanza. Miezi mitatu! Mie nilikaa miaka 19.

Sasa, habari njema ni kwamba mfupa ni kiungo hai, na watu wamejifunza kuusemesha. Kuna mwaka mmoja ambao kila nikiusoma nasisimka: 1965. Mwaka huo, mjini Gothenburg nchini Uswidi, Per-Ingvar Brånemark alimpandikia mgonjwa aitwaye Gösta Larsson vipandikizi vya titani tayani. Brånemark alikuwa ameanzia kwa sungura, miaka ya 1950. Alifunga kifaa cha titani kwenye mfupa wa mguu ili aangalie damu inavyopita, na alipotaka kukitoa kikagoma kutoka, mfupa umeshikana nacho. Larsson alikaa na vipandikizi vyake mpaka alipofariki mwaka 2006. Na mwaka huohuo wa 1965, Marshall Urist, daktari wa mifupa huko Los Angeles, alitangaza jambo jingine kabisa. Alikuwa amechukua mfupa, akautoa madini kwa asidi, akaupachika ndani ya msuli wa mnyama. Ndani ya msuli, mahali ambapo mfupa hauna asili, ukaota mfupa mpya. Maana yake mfupa una kitu ndani yake kinachoziamrisha seli zijenge. Mwaka 1971 kitu hicho kilipewa jina, protini za kuumba mfupa, kwa kifupi BMP.

Mmoja aligundua namna ya kushikiza jino, mwingine akagundua namna ya kupata pa kulishikiza. Mie nilihitaji vyote viwili.

Daktari aliniambia njia iliyo bora kuliko zote bado ni mfupa wangu mwenyewe, kwa kuwa unakuja na seli hai, unakuja na zile protini, na unakuja na umbo la kupandia. Shida yake ni kwamba lazima ukatwe mahali: nyuma ya magego ya mwisho, kidevuni, au nyongani kwa mwenye upungufu mkubwa. Ni jeraha la pili. Ndiyo maana watu huchanganya na chembechembe za mfupa wa ng'ombe uliosafishwa mpaka ukabaki madini matupu. Hauna uhai na hautoi amri yoyote. Kazi yake ni ile ya miti wanayofunga mafundi kuzunguka nyumba, seli zako zinapanda juu yake na kujenga. Juu ya vyote hutandikwa utando, mara nyingi wa kolajeni, yaani protini ya ngozi na nyama za wanyama, kwa sababu nyama ya ufizi hukua haraka kuliko mfupa. Usipoizuia, itajaa ndani ya nafasi kabla mfupa haujafika. Utando unaizuia nje na kuulindia mfupa zamu yake.

Kisha kuna damu yangu. Hiki ndicho kilichoniliza pale kitini, na si kwa maumivu. Nilitolewa damu mkononi kwenye vichupa visivyo na dawa ya kuzuia kuganda, vikaingizwa haraka kwenye mashine ya kuzungusha, mizunguko 2,700 kwa dakika, dakika 12. Vilipotoka, chini palikuwa pekundu, juu maji ya rangi ya chai ya mkandaa iliyopauka, na katikati donge la njano linalotetemeka. Donge hilo linaitwa PRF. Ni faibrini, yaani wavu uleule unaofunga kidonda, umenasa ndani yake chembe sahani na seli nyeupe, na chembe hizo hutoa protini za ukuaji polepole kwa siku kadhaa. Njia hii ilianzishwa na Joseph Choukroun wa Ufaransa mwaka 2001. Nimefundisha kuganda kwa damu kidato cha pili miaka kumi na tano nikichora ubaoni, na siku ile nilikishika kitu chenyewe kwenye kibano, ni changu, kinanukia chumvi. Madonge mengine yalikatwakatwa na kuchanganywa na chembe za mfupa mpaka zikashikana kama ugali wa muhogo, mengine yakabanwa yakawa utando.

Upasuaji ulichukua kama saa mbili kwa ganzi ya kawaida. Shavu lilivimba siku nne. Nikala uji, mtori, na samaki wa kuchemsha aliyechambuliwa.

Na sasa naeleza kosa langu, kwa sababu kama kuna sehemu moja ya uzi huu itakayomsaidia mtu ni hii. Niliambiwa nisivae meno yangu ya kuvua mpaka niruhusiwe. Wiki ya tatu binti wa dada yangu akaolewa Makorora. Nisingeweza kukaa ukumbini bila meno, ndivyo nilivyojiambia. Nikayavaa saa nne tu. Usiku ule nikahisi kitu kigumu kwenye ulimi, asubuhi nikatazama kwenye kioo: mshono umeachia na utando unaonekana, kama ukucha mweupe. Yale meno yalikuwa yameubana ufizi mpaka damu ikakosa kupita, ukachanika. Nilirudi Dar nikilia. Nilipewa dawa ya kusukutua ya klorheksidini na antibayotiki, nikaagizwa nisiguse, nikawa naenda kila wiki mbili. Ufizi uliziba baada ya wiki tano hivi. Lakini chembe za juu zilikuwa zimeshapotea.

Tulisubiri miezi saba. Picha ya pili ikaonyesha milimita 6.2. Tulitarajia zaidi ya 7. Ikawekwa implanti ya milimita 4, na upande wa shavuni daktari akaongeza mfupa kidogo siku hiyohiyo. Miezi minne tena ikapita ndipo nikafungiwa kofia ya jino, ile sehemu ya kutafunia, juu ya implanti. Gego la pili hatukuligusa, nimeridhika na moja. Leo ni mwezi wa tano natafuna kushoto. Juzi nimekula muhogo wa kuchoma na pilipili pale karibu na Forodhani, upande wa kushoto, taratibu, mpaka ukaisha.

Karibuni maswali. Bei sitaandika kwa sababu kila mdomo na hali yake. Kwangu nauli za Tanga na Dar peke yake zilikuwa gharama ya kuhesabika.

Mkonge_Ngomeni:

Dada, shukrani kwa uzi uliokwenda shule. Mama yangu ana miaka 68, hana jino hata moja chini, yale ya kuvua yanaelea kila akiongea. Ana kisukari, na mifupa yake ni dhaifu, mwaka juzi alivunjika mkono kwa kuteleza tu bafuni. Anapewa dawa ya mifupa kila wiki. Je, anaweza kuoteshewa mfupa?

BintiPongwe:

Kaka, mpe pole mama. Kabla ya yote angalia jina la hiyo dawa ya kila wiki. Kama ni alendronati au ndugu zake, daktari wa meno LAZIMA ajue kabla hajagusa taya. Dawa hizo zinazuia zile seli zinazobomoa mfupa, ndiyo maana zinasaidia nyonga na mgongo, lakini taya likijeruhiwa linaweza kushindwa kujisafisha na sehemu ya mfupa ikafa. Hatari ni ndogo kwa wanaokunywa vidonge, ni kubwa zaidi kwa wanaochomwa sindano za mshipa kwa ajili ya saratani. Mama asiiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Madaktari wawili, wa mifupa na wa meno, wazungumze.

Kisukari peke yake hakimfungii mlango, ila apime kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu. Sukari ikiwa juu kidonda hakifungi, na mkishapandikiza mfupa kidonda kinatakiwa kifunge vizuri kuliko siku nyingine zote.

DaktaFizi:

Mimi ni daktari wa meno, nimesoma uzi wote. Mwalimu ameeleza vizuri kuliko baadhi ya mihadhara niliyoketi. Niongeze kwa Mkonge, kisha nimrekebishe mwalimu kidogo.

Kwa mama asiye na meno kabisa chini, si lazima kuotesha mfupa. Sehemu ya mbele ya taya la chini, pale kidevuni, hubaki na mfupa wa kutosha hata baada ya miaka mingi. Implanti mbili tu pale mbele zinaweza kuyashika yale meno ya kuvua yasielee, na kwa wazee wengi hilo ndilo jambo la maana. Nyuma ndipo penye taabu, kwa sababu chini kuna mshipa wa fahamu wa mdomo na kidevu. Tunaacha angalau milimita 2 juu yake. Ukiugusa, mgonjwa anabaki na ganzi ya mdomo ambayo huenda isiondoke.

Marekebisho yangu ni kuhusu PRF. Anayesoma haraka anaweza kudhani damu ndiyo iliyootesha ule mfupa. Sivyo. PRF inasaidia sana ufizi kupona, inapunguza maumivu, na baada ya kung'oa magego ya mwisho inapunguza lile tatizo la shimo kukauka na kuuma. Katika shimo la jino lililotoka leo inaweza kupunguza kusinyaa kwa mfupa, kwa kiasi. Lakini ukinipa ukingo wa milimita 3.5 nikaweka PRF tupu, baada ya miezi sita nitakuta milimita 3.5. Wavu wa faibrini unayeyuka ndani ya wiki chache, na mfupa unahitaji miezi kujengeka. Lazima kuwe na kitu kinachoshikilia nafasi.

BintiPongwe:

Daktari, nashukuru, na nakubali. Nilivutwa na lile donge mpaka nikalipa sifa zaidi ya haki yake. Wasomaji mchukue maneno ya daktari.

Nina swali nami. Zile BMP za Urist, mbona sikupewa chaguo hilo?

DaktaFizi:

Kwa sababu ya bei, upatikanaji, na tahadhari. BMP-2 inatengenezwa maabara kwa kutumia seli zilizowekewa jeni ya binadamu, inaloweshwa kwenye sifongo ya kolajeni kwa nguvu ya miligramu 1.5 kwa kila mililita. Marekani iliiruhusu kwa uti wa mgongo mwaka 2002, na kwa taya mwaka 2007: kuinua sakafu ya sainasi, ule uwazi wa hewa ulio juu ya magego ya juu, na kujaza ukingo kwenye mashimo ya meno yaliyong'olewa. Hesabu mwenyewe, miaka 42 tangu Urist achapishe kazi yake. Inafanya kazi kweli, inaita seli na kuzigeuza kuwa wajenzi wa mfupa. Lakini mgonjwa huvimba uso vibaya, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya watu waliowekewa shingoni kuvimba mpaka njia ya hewa ikabanwa. Haitumiki kwa mjamzito, wala mahali palipo na saratani. Kwa milimita 3 za mwalimu isingekuwa busara kuanzia hapo.

Ninapoifikiria BMP nawafikiria wagonjwa wengine. Nchi yetu ina vijana wengi wenye ameloblastoma, uvimbe wa taya usiouma, unaokua polepole mpaka mtu anafika hospitali nusu ya uso imejaa. Tunaondoa kipande kikubwa cha taya. Hapo hatuzungumzi milimita, ni sentimita kumi. Tunafunga bamba la titani, na baadaye tunachukua mfupa wa nyonga, au ule mfupa mwembamba wa mguu pamoja na mishipa yake ya damu. Ni kazi ndefu mno. Siku protini hizi au seli zitakapoweza kufanya kazi hiyo kwa bei ya hospitali zetu, nitakuwa wa kwanza kupanga foleni kujifunza.

UstadhMakorora:

Assalaam alaykum mwalimu. Swali langu ni moja. Umesema mfupa wa ng'ombe na utando wa kolajeni. Kolajeni ya mnyama gani? Wengi wetu huku tungependa kujua kabla, si baada.

BintiPongwe:

Waalaykumu ssalaam ustadh. Swali lako niliuliza neno kwa neno, na namsihi kila mtu aulize.

Mitando mingi ya kolajeni inayotumika duniani inatokana na nguruwe. Ipo inayotokana na ng'ombe, na ipo ya kutengenezwa kiwandani isiyo na mnyama kabisa. Hali kadhalika chembe za kupandia: kuna za ng'ombe, kuna za nguruwe, kuna za binadamu aliyefariki, kuna zinazotokana na matumbawe ya baharini, na kuna kalisi fosfeti ya kutengenezwa tu. Ipo pia dawa maarufu ya kuponyesha mfupa kuzunguka meno ambayo asili yake ni vichipukizi vya meno ya watoto wa nguruwe. Boksi lina maelezo. Omba usomewe.

Mie niliomba utando wa ng'ombe, ukaagizwa, nikasubiri siku kumi zaidi. Wapo masheikh wanaosema kitu kikishabadilika asili yake hukumu nayo hubadilika, na wapo wanaoruhusu kwa dharura. Sina elimu ya kutoa hukumu, nawe unaijua kuliko mimi. Ninachokijua ni kwamba mgonjwa ana haki ya kuambiwa, na kwamba daktari wangu hakukasirika nilipouliza.

UstadhMakorora:

Allah akulipe kheri. Hili nitalizungumza darasani baada ya Alasiri, watu wanalihitaji.

Kijana_wa_Duga:

Wakuu, kuna tangazo linazunguka WhatsApp, linasema sindano ya seli shina inaotesha mfupa na jino jipya ndani ya wiki sita, unalipia nusu kabla. Mjomba wangu anataka kutuma pesa. Nimwambieje?

BintiPongwe:

Mwambie asitume. Tafadhali mwambie leo.

Seli shina za uboho wa mfupa zipo, zinachotwa nyongani, na madaktari katika vyuo vikuu wamezijaribu kwenye sainasi na mashimo ya meno, zikaonyesha dalili nzuri. Lakini hizo ni kazi za utafiti, chini ya kamati ya maadili, mgonjwa anafuatiliwa kwa miezi na miaka. Jino zima kuota upya ni jambo jingine kabisa. Japani, kwenye hospitali ya Chuo Kikuu cha Kyoto, mwaka 2024 walianza kuwajaribia watu dawa inayozuia protini iitwayo USAG-1, ambayo kwa panya na wanyama wengine imeruhusu meno kuota. Hatua ya kwanza hiyo ililenga kupima usalama. Kama Kyoto mwaka 2024 ndio kwanza walikuwa wanaanza kupima usalama, nani yuko WhatsApp na jino la wiki sita?

DaktaFizi:

Naunga mkono kwa asilimia mia. Mfupa hauna njia ya mkato ya wiki sita. Ukingo wa kawaida ni miezi 4 hadi 6, sainasi iliyoinuliwa miezi 6 mpaka 9. Anayekupa muda mfupi kuliko huo, muulize atakuonyesha picha gani.

Na mjomba kama anavuta sigara, anatumia ugoro au kuberi, aanze kwa kuacha hizo. Hiyo inausaidia mfupa kuliko sindano yoyote ya kwenye tangazo.

MamaTwaha:

Mwalimu, samahani nimechelewa kuuona uzi. Mwanangu Twaha ana miaka 19, gego la chini kulia limetoboka, limemsumbua wiki nzima, kesho asubuhi tunakwenda kulitoa. Nimesoma hapa moyo unanienda mbio. Niulize nini?

BintiPongwe:

Mama Twaha, usiogope, umewahi. Mie ningeuliza hivi, na kwa mpangilio huu. La kwanza kabisa: hili jino ni lazima litoke? Kama mizizi ni mizima na jino halijapasuka, huenda likatibiwa mizizi na kufunikwa kofia. Hakuna mfupa wa kuotesha unaoushinda mfupa ambao haujapotea.

Wakisema lazima litoke, waombe walitoe kwa upole, ikibidi wagawe mizizi na kutoa mmoja mmoja, ule ukuta wa shavuni usivunjike. Kisha uliza kama wanaweza kujaza shimo siku hiyohiyo, kwa chembe za mfupa na utando, au PRF kama wana mashine. Hilo linapunguza kusinyaa, ingawa halizuii lote. Kama usaha ni mwingi wanaweza kukataa kujaza siku hiyo, wasikilize. Na kama uwezo wa kujaza haupo, basi uliza implanti ifikiriwe lini, msikae miaka kama nilivyokaa mie.

Mbebee mtandio wa kujifunga shavu na maji baridi. Utuambie.

DaktaFizi:

Naongeza moja: kama ana homa, shingo imevimba, au hawezi kufungua mdomo, msisubiri asubuhi. Nendeni usiku huu hospitali, Bombo kuna wa zamu.

MamaTwaha:

Hana homa daktari, mdomo anafungua vizuri. Shukrani nyote.

MamaTwaha:

Nimerudi. Nilimuuliza daktari swali la kwanza la mwalimu, akamrudisha Twaha kwenye eksirei, akaiangalia muda mrefu. Kasema mizizi miwili ni mizima na mfupa unaozunguka bado upo wote. Halitolewi. Leo kafungua jino, kasafisha mizizi, kaweka dawa, kaziba kwa muda. Tunarudi Alhamisi ijayo amalizie, halafu tupange kofia. Twaha amelala, amekula wali na mchuzi wa papa, kwa upande wa kushoto.

BintiPongwe:

Alhamdulillahi. Asitafune kulia mpaka Alhamisi, ile dawa ya kuziba ya muda huvunjika kirahisi.